Mkaguzi wa Mwalimu Sabiti

Ukitaka kumkera Mwalimu Sabiti, mwambie kwamba magazeti ya dini kazi yake ni kufungia maandazi. Hatakutukana, maana kalelewa. Atakukalisha kibarazani kwake, atakuletea chai, kisha atakupa habari za magazeti ya Urusi mpaka chai ipoe, ipashwe moto, ipoe tena. Mji mzima wa Shinyanga unamjua kwa hilo. Wapo watu wazima na ndevu zao wanaokata kona wakimwona anakuja na bahasha kwapani.

Sasa Mzaramo wa watu, kazaliwa nyuma ya soko la Shinyanga, Urusi inamhusu nini? Ni shule tu. Baba yake alikuja na kazi ya reli kutoka Pwani, akaoa Msumbwa wa Masumbwe, akasahau njia ya kurudi. Mtoto akawa na kichwa chepesi, na miaka ile ya themanini Serikali ikampeleka Kazan, mji wa Waislamu wa Kitatari huko Urusi, akasome historia. Wenzake waliopanda naye ndege walirudi madaktari na mainjinia. Yeye alirudi na shahada ya magazeti ya dini ya enzi za wafalme wa Urusi, na jinsi serikali yao ilivyokuwa ikiyakagua. Mama yake alimpokea kwa vigelegele, akamtengea maji ya kuoga, halafu akamuuliza taratibu kama hiyo nayo ni kazi.

Lakini msikilize kidogo, maana akishaanza huwa ananoga. Anasema enzi za mfalme wao, waliyemwita Tsar, hapakuwa na padri wala shehe wa kuchapisha gazeti bila kupita kwa mkaguzi. Hata kanisa kubwa, lile la upande wa mfalme mwenyewe, lilikuwa na wakaguzi wake, mapadri wa kusoma mistari ya mapadri wenzao. Majimbo ya kanisa yalikuwa na magazeti yenye sehemu mbili, moja ya amri za wakubwa na nyingine ya mengineyo, na padri wa kijijini alilazimika kulichukua la jimbo lake, alisome asilisome. Waislamu ndio usiseme. Waliomba kibali cha gazeti kwa lugha yao, wakakataliwa, wakaomba tena, wakakataliwa tena, na waliofanikiwa kabla ya machafuko ya mwaka 1905 walikuwa wa kuhesabika. Gazeti likipita, lilibeba maneno madogo chini: limeruhusiwa na ukaguzi, mji fulani, tarehe fulani. Palipokatwa hapakutakiwa kuwekwa hata nukta nukta, msomaji asije akajua kuna neno limeondoka.

Kule Kazan, katika chumba cha nyaraka, kijana Sabiti aliletewa ukurasa mmoja wa gazeti ambao haukuwahi kuchapishwa, umejaa alama za mkaguzi. Amekata huku, amekata kule. Lakini mkaguzi huyo huyo alikuwa amesahihisha na makosa ya herufi, yale ambayo mhariri mwenyewe aliyapita. Sabiti aliukalia ukurasa ule mpaka mlinzi akaja kufunga. Wenzake walimwona mkaguzi ni adui, basi, yamekwisha. Yeye alirudi bwenini na jambo lililomkaa rohoni mpaka leo: kwamba katika nchi pana namna ile, pengine mtu pekee aliyelisoma gazeti lile neno kwa neno, bila kuruka, alikuwa huyo adui.

Naye akaja kupata mkaguzi wake, na wala hakuwa adui. Ni Zuleha, binti wa muuza vitambaa wa pale pale mjini, mwalimu wa shule ya msingi, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Walioana, wakamzaa Safiya ambaye sasa kaolewa Mwanza, na Sabiti alipostaafu akaanzisha kijigazeti chake, Salamu za Ijumaa. Usikidharau. Ni kurasa nne za kukunja, hutoka mara moja kwa mwezi, hupigwa kopi pale steshenari, huachwa misikitini, na furushi lingine hupanda basi kwenda Geita, Kharumwa na Masumbwe. Ndani utakuta mawaidha, habari za madrasa, nani kaoa, nani katangulia mbele ya haki. Ukurasa wa mwisho ni wa Mwalimu mwenyewe, wa maneno yake.

Huo wa mwisho ndio uliokuwa na Zuleha ndani yake. Kila akimaliza kuuandika, Sabiti huupeleka jikoni kama mtoto apelekaye daftari. Zuleha hukausha mikono kwenye kanga, huvaa miwani, huchukua kalamu nyekundu, na hapo tena hakuna cha mume. Hukata majivuno. Hukata hasira. Hukata jina la mtu aliyekosea hata kama mji wote unamjua. Na utani ndio hauponi kabisa, hasa ule wa Mwalimu na Wasukuma, kwa sababu Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda Pwani, na kwa utani Sabiti hajambo.

"Utani hauandikwi, Baba Safiya," humwambia. "Utani una uso. Karatasi haina uso."

Sabiti hunung'unika. Jiko lile analiita Petersburg, makao makuu ya wakataji. Huapa kwamba Tsar alikuwa na huruma kumshinda mwanamke huyu. Kisha huenda kunakili upya yale yaliyosalia, na chini kabisa huandika kwa herufi ndogo, Limeruhusiwa, Shinyanga. Wasomaji wengi hudhani ni kibali cha Serikali. Lakini ukimkuta peke yake, hana mtu wa kumchekesha, atakwambia ukweli: bila jicho la Zuleha asingethubutu kuandika hata tangazo la mbuzi aliyepotea. Anamwandikia yeye. Wengine wote wanasoma kwa bahati.

Sasa mwaka jana, baada ya Idi, kurasa zikaanza kurudi safi. Kwanza ulikatwa mstari mmoja tu, na tena mstari usio na hatia. Mwezi uliofuata haukukatwa hata mmoja.

"Nzuri," alisema Zuleha, akamrudishia karatasi yake.

Sabiti alibaki kasimama mlangoni, kasahau kilichompeleka. Tangu wajuane hakuwahi kulisikia neno hilo likiwa peke yake, bila "lakini" nyuma yake. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Yeye alifikiri amekuwa mwandishi. Mzee mzima, mvi kichwa kizima, alitoka kwenda msikitini akitembea kama bwana harusi. Siku hizo alipenda kusimulia jinsi ile 1905 wananchi walivyombana Tsar mpaka akalegeza ukaguzi, na magazeti yakaota kila mahali kama uyoga baada ya mvua. Ya kwamba baadaye mengi yalifungwa, wahariri wakatozwa faini na wengine wakaonja jela, hayo aliyapitia juu juu.

Na dalili zilikuwepo, mbona zilikuwepo. Zuleha aliacha kushona, akasema nguo za siku hizi hazichaniki. Alimimina chai huku kidole kimoja kiko ndani ya ukingo wa kikombe. Akijikwaa kwenye stuli, aliigombeza stuli. Ujumbe wa Safiya ukiingia kwenye simu alisema, "Nisomee, mikono ina unga," hata siku ambayo nyumba haikuwa na unga. Sabiti aliyaona yote hayo, na hakuyaona. Mtu akisifiwa huwa hachunguzi.

Ndipo akafariki mke wa Bujiku. Bujiku ni Msukuma wa Samuye, mfugaji, rafiki wa Sabiti tangu ujana na mtani wake wa kufa na kuzikana. Sabiti akaenda, akafanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Jeneza lilipotaka kutoka alijilaza mlangoni. Akadai marehemu alikuwa mchumba wake, Bujiku kamwibia, na hazikwi mtu pale mpaka yeye alipwe dume la ng'ombe. Alipoondolewa akawatangazia waombolezaji kwamba mama huyu alikuwa bahili ajabu, maziwa ya wageni alikuwa akiyatia maji, mpaka ndama wake wakakua hawajui maziwa yana ladha gani. Kila aliyekuwepo alishakunywa maziwa ya mama yule, mazito, na kikombe cha pili juu. Bujiku, ambaye tangu mkewe akate roho hakuwa amekula wala kutoa chozi, alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na alipolia hivyo watu wakashukuru. Ndiyo kazi ya mtani, kumfungua mfiwa.

Sabiti akarudi nyumbani moyo umejaa. Akaandika yote kama yalivyokuwa, na maji, na maziwa, na ndama. Zuleha akaipokea karatasi, akaisogeza dirishani, akakaa nayo kitambo.

"Nzuri," akasema.

Gazeti likatoka. Kule Geita mtu mmoja akaupiga picha ukurasa, akautupa kwenye makundi ya WhatsApp, ukaenda mpaka ulikokwenda. Na Geita ndiko anakoishi Mageni, binti wa marehemu, anayeuza chapati na maziwa kwa wachimbaji wadogo karibu na maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu. Wachimbaji hawakuwa Samuye siku ya mazishi. Hawakumwona Sabiti amejilaza mlangoni, hawakumsikia Bujiku akicheka. Wao walichokiona ni gazeti la msikiti likisema mama yake Mageni alikuwa akitia maji kwenye maziwa. Wakaanza kumuuliza kama na haya ya kwake ni ya urithi. Wengine walikuwa wanacheza tu, wengine wakahamia kwa muuzaji mwingine. Mwisho Mageni akafunga banda, akajifungia ndani na msiba wake.

Bujiku alikuja Shinyanga kwa basi la asubuhi. Alikaa kibarazani pale pale wanapokaa siku zote, koti lake la sikukuu mwilini, fimbo katikati ya magoti.

"Mwangaluka, mtani," Sabiti alimwamkia kwa Kisukuma, akijiandaa kuchokozwa.

"Mwangaluka," Bujiku aliitika, bila utani wowote.

Hakumgombeza. Mtani hamkasirikii mtani, hiyo ndiyo sheria, na Bujiku ni mtu wa sheria. Hapo ndipo palipouma. Afadhali angemtukana. Alitoa gazeti lililokunjwa kutoka mfukoni, akaliweka juu ya mkeka, akalilainisha kwa kiganja.

"Mtani, kule msibani ulisema, tukacheka, ukaondoka na maneno yako," akasema. "Humu umeyaacha."

Kisha akamweleza habari za Mageni, na banda lililofungwa, na kwamba binti amesema hata arobaini ya mama yake haji, atawatazama vipi watu. Zuleha alikuwa mlangoni na sinia la chai mkononi, na yote aliyasikia.

Bujiku alipokwenda msikitini, Sabiti aliingia jikoni. Alikuwa na ile hasira ya mtu mwenye aibu, inayotafuta pa kushukia.

"Mama Safiya, mbona hukukata?" akasema. "Maji kwenye maziwa. Lini wewe ungeniachia kitu kama hicho?"

Zuleha alikuwa anachambua mchele. Sabiti akavitazama vidole vyake vinavyopapasa punje moja moja, na ndipo alipoona kwamba macho yake hayakuwa kwenye ungo.

"Sikuiona," akasema.

"Hukuionaje, na ulikaa nayo dirishani?"

"Sioni, Baba Safiya. Ya pembeni yalikwenda kitambo. Ya katikati sasa ni ukungu mtupu. Mwanga wa dirisha nauona, na karatasi naiona nyeupe. Maandishi siyaoni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Idi."

Sabiti alivuta stuli akakaa.

"Na hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia ungeacha kuandika. Nakujua. Ungekaa hapo nje unangoja kufa, unawasumbua watu na chai." Aliendelea kuchambua. "Halafu nilipokwambia nzuri, mara ya kwanza ile, ulifurahi mno. Nilikusikia unaimba bafuni. Nikasema basi, nani ananiomba nimharibie?"

Hapo Sabiti alilia, na hakuona sababu ya kujificha. Mkewe alikuwa anazama gizani kidogo kidogo ndani ya nyumba hiyo hiyo, na yeye miezi yote hiyo alikuwa anasherehekea. Hakujua lipi lilimchoma zaidi. Zuleha aliweka ungo chini, akamtafuta bega, akalipata, akauacha mkono pale mpaka alipotulia.

Safiya alikuja kutoka Mwanza akampeleka mama yake kwa daktari wa macho. Presha ya macho, daktari akasema, ugonjwa unaoiba kimyakimya. Kilichokwisha kwenda hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku ya maisha yake. Sabiti akajifunza kuitia. Siku za mwanzo nusu ya matone iliishia shavuni, na Zuleha akamwambia anatia dawa kama anamwagilia mchicha.

Wiki hiyo hiyo alifuatana na Bujiku hadi Geita. Mageni aliwafungulia, akampa shikamoo, akamwekea kiti kizuri. Sabiti alikikataa, akakaa kwenye kigoda, akaomba msamaha bila kuuzungusha. Mageni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na maziwa, akampa kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Sabiti alikunywa mpaka tone la mwisho.

"Wewe baba nimeshakusamehe," Mageni akasema. "Siku ile hata mimi nilicheka. Lakini karatasi bado inasema. Wateja hawakukusikia wewe, wamesikia karatasi."

Kwa hiyo ilibidi karatasi nayo iombe radhi, na iombe kabla ya arobaini. Sabiti akakaa kuiandika. Aliandika, akachana, akaandika tena. Kila alipoinua kichwa alitazama mlango wa jikoni, akakumbuka, akainama. Kama angekosea na hii, nani angemzuia? Maneno yaliyomwumiza binti wa watu yalipita mikononi mwake mwenyewe, na yeye aliyaona matamu.

Baada ya sala ya alasiri, Zuleha alikuja mwenyewe kibarazani, mkono ukifuata ukuta. Akajiweka mkekani, akanyoosha miguu.

"Haya, soma," akasema.

Sabiti hakuwahi kumsomea mtu maneno yake kwa sauti. Alikohoa, akaanza. Alianza na Urusi.

"Kata," akasema Zuleha. "Mageni na Urusi wapi na wapi?"

Akakata. Akaendelea mpaka panaposema kwamba mtani wa kweli huwa hana nia mbaya.

"Unajitetea hapo. Kata."

Akakata. Akasoma panaposema kwamba mke wa Bujiku hakuwahi kumwachia mgeni aondoke na kiu, kwamba maziwa yake yalikuwa mazito na hayakuwahi kuonja maji, na kwamba aliyeandika vinginevyo aliyanywa mwenyewe na anajua. Zuleha alitikisa kichwa kukubali, akamwambia pale asipaguse.

Kisha akafika kwenye sentensi aliyoipenda. Aliiandika alfajiri, huku machozi yakimtoka. Ilisema kwamba kwa miaka yote gazeti hili lilisomwa kwanza na macho mawili yaliyoona kila kosa lake, macho aliyoyapenda kuliko yake, na mwezi ule macho hayo yalikuwa yanaumwa, naye hakuwa na mwingine wa kumshika mkono. Aliisoma polepole.

Zuleha alivuta kanga yake begani.

"Tamu," akasema. "Kata."

"Hiyo niachie, Mama Safiya. Hiyo ni yako."

"Najua ni yangu, na nimeisikia. Lakini Mageni akifika hapo ataona kosa umelibebesha macho ya mgonjwa. Maneno uliyaandika wewe."

"Haya," akasema Sabiti. "Nimekata."

Kalamu ilikuwa imelala juu ya paja lake. Hakuwa amekata kitu. Sentensi ilikuwa pale mbele yake, nzima, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na kesho ingeweza kwenda kupigwa kopi hivyo hivyo, ifike Geita, ifike Masumbwe, na Zuleha asijue. Waandishi wangapi wa zamani zile za Urusi waliomba usiku na mchana wapate mkaguzi asiyeona? Zuleha alikuwa amegeuza uso pembeni kidogo, kuelekea sauti yake, akingoja. Hakumwambia mara ya pili.

Sabiti akaichukua kalamu. Akaikata sentensi ile kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, kwa nguvu, mpaka karatasi ikakwaruza.

"Hapo ndiyo nimesikia," akasema Zuleha. "Endelea."